Tulihesabu mbavu za baba

Mwezi huu nataka kuwaletea habari ya masomo ambayo jamaa nyingi za kanisa zinayaogopa. Ni masomo ya mwili wa mtu na wa nyama, yanayoitwa anatomi. Vijana wetu wanakutana nayo mwaka wa kwanza wa univerisite, wakitaka kuwa waganga wa watu ao waganga wa nyama. Lakini siwezi kuanza bila kueleza kwanza kosa langu mwenyewe, kwa sababu wengi wenu mlikuwa pale, na mngenicheka kama nikilificha.

Ilikuwa siku ya vijana, mwaka uliopita. Nilihubiri juu ya ndoa, katika Mwanzo sura ya 2. Nilipofika pahali Mungu anapotwaa ubavu wa Adamu, nikapaza sauti: "Vijana, jihesabuni mbavu! Hata leo mwanaume anapungukiwa na ubavu mmoja. Bibi yako njo ule ubavu wenye kukosekana." Watu wakaitika Amina. Neno hili sikulitunga mimi. Nilisikia mwalimu wangu akilisema katika shule ya siku ya Mungu, nilipokuwa ningali mtoto, nikalirudilia katika ndoa nyingi, zaidi ya miaka kumi na tano, na hakuna mtu aliyenipinga.

Nyuma ya ibada, sisi tuko na desturi ya maulizo. Binti mmoja wa kwaya akasimama. Mwaka ule alikuwa ameanza masomo ya uganga. Akasema kwa heshima: "Baba Pastere, mutanisamehe. Kule banatufundisha asema mwanaume na mwanamuke beko sawa. Mbavu kumi na mbili huku, kumi na mbili huku. Nilizihesabu na mikono yangu."

Ndugu zangu, ningeweza kujibu: "Aksanti, nitaangalia." Sikusema hivyo. Nilisema: "Binti yangu, univerisite ni ya watu, Biblia ni ya Mungu. Weye utafuata gani?" Vijana wakacheka sana. Binti akaketi. Siku ya Mungu iliyofuata hakuja kwaya, na ile ya nyuma vilevile.

KARTONI CHINI YA KITANDA

Karibu mwezi mmoja ukapita, mama yake akanijia nyumbani jioni. Hakuketi vizuri, akaanza kulia. "Pastere, mutoto wangu anapotea. Hakule tena nyama. Mikono yake inanuka dawa ya bafu. Na sasa nimeona mifupa chini ya kitanda, mu kartoni. Bandugu ya baba yake banasema aache ile masomo, juu italeta mikosi mu nyumba. Shemeji yangu anasema minervali ya mwaka huu hatatoa tena."

Nikaona sasa jambo limekuwa kubwa. Baba wa binti huyu ni mzee wa pansio, alifanya kazi chini ya udongo miaka mingi, na kifua chake si kizuri. Kama yule ndugu akikataa kusaidia, masomo yamekwisha. Na mimi, mchungaji wake, nilikuwa nimempa sababu ya kukataa. Maana alisema wazi mbele ya jamaa: "Hata Pastere alimukatalia mbele ya kanisa."

Nikavaa viatu, tukaenda pamoja.

Binti aliponiona hakukasirika, lakini hakucheka vilevile. Nikamuomba anionyeshe ile kartoni. Akaivuta, akaifungua juu ya mkeka. Ndani kulikuwa mifupa meupe, safi, imechemshwa na kukaushwa juani, kila mmoja na namba ndogo ya wino. Mama akageuka asitazame.

"Mama," binti akasema, "ile ni mbuzi. Ni mbuzi ya Noeli, yenye ulipika weye mwenyewe."

Nilishindwa kujizuia, nikacheka, na mama naye mwisho akacheka, machozi yangali usoni.

Akatueleza. Mwaka wa kwanza wanafunzi ni mamia ndani ya chumba kimoja, na mifupa ya mtu ya kujifunzia ni michache. Ukiketi nyuma hauone kitu, unasikia jina tu. Na majina ni mengi. Mtu mzima yuko na mifupa 206. Kila mfupa una jina, na juu yake kila tundu, kila pembe, kila mfereji mdogo pahali mshipa unapopita, nayo ina jina. Sasa yeye na kijana jirani yetu, anayesoma uganga wa nyama, walipatana: kijana alete mifupa ya mbuzi, binti alete kitabu chake cha picha za mwili wa mtu, na usiku walinganishe. Mfupa wa paja ni mfupa wa paja. Ukiufahamu kwa mbuzi, kwa mtu hauwezi kupotea.

Nikamuuliza hesabu ile ya 206 inatoka wapi. Akahesabu haraka kama mtoto anayesema meza ya kuzidisha: kichwa 22, masikio 6 midogo sana, mmoja chini ya ulimi, uti wa mgongo 26, mbavu 24, kifua mmoja. Inakuwa 80. Iliyobaki 126 ni ya mikono na miguu. Mkono wenyewe toka kifundo mpaka vidole uko na mifupa 27, na mguu 26. Fanyeni hesabu wenyewe: mikono miwili na nyayo mbili ni 106, kupita nusu ya mifupa yote ya mwili. Mimi niliketi pale nikitazama mkono wangu kama kitu kipya.

Juu ya harufu ya dawa, naye hakuficha. Kuna vyumba pahali wanafunzi wanajifunza juu ya maiti. Wanavaa bluzi nyeupe, maiti imetiwa formoli isioze, na harufu ile inaingia katika nywele na nguo, sabuni moja haiiondoe. Siku ya kwanza alitoka inje akatapika. Mwenzake mmoja, kijana mkubwa, alianguka chini. Nyama alikuwa ameikataa juu ya ile. "Haina mapepo, Mama. Ni macho yangu tu yenye haijazoea."

Halafu akaniuliza swali ambalo hakuna shule ya Biblia iliyonitayarisha kulijibu: "Pastere, ule mutu, tunamufanya zambi?"

Katika nchi nyingi za Afrika maiti zinazotumiwa kwa masomo haya ni za watu waliokufa bila ndugu wa kuja kuwachukua. Watu wa kwetu hawatoi mwili wao kwa masomo, na sababu tunaijua: tunataka mtu azikwe na jamaa yake, pamoja na wazee wake. Nikamwambia binti: mtu yule hakupata ndugu wa kumlilia, lakini kila munganga atakayetoka katika chumba chenu amejifunza kwake. Usimcheke, usimpige picha, usimpe jina la mchezo, na ukiingia, umuombee kimya. Akasema wako wanafunzi wanaofanya michezo, na yeye anaumia. Tukaomba pamoja palepale juu ya mkeka, mifupa ya mbuzi mbele yetu. Sijui wengine wangesema nini.

PICHA YA BABA

Baba alikuwa ameketi pembeni siku ile, kimya, akikohoa. Akasimama, akaingia chumba, akarudi na bahasha kubwa ya kahawia. Ilikuwa picha ya kifua chake, ile tunayoita radio, waliyomfanyia alipoacha kazi. Akasema: "Mwaliko munabishana juu ya mbavu. Zangu ziko hapa. Muhesabu."

Tukaiweka juu ya kioo cha dirisha. Jua lilikuwa linashuka, mwangaza ulikuwa mzuri. Binti akachukua kalamu, akahesabu toka juu. Ubavu wa kwanza ni mfupi, unajificha nyuma ya mfupa wa bega. Wa pili, wa tatu. Mpaka wa kumi zilionekana vizuri, kuume na kushoto. Chini pale picha inakuwa nyeupe, kwa sababu ya maini na tumbo, na mbavu za mwisho hazionekani wazi. Nikafikiri: hapa njo pahali tutapotea.

"Papa, vula shimizi," akasema.

Mzee akavua. Ni mtu mwembamba sasa, mgongo wake unasomeka. Binti akaweka vidole vyake, akanifundisha nami niweke vyangu. Mbavu saba za kwanza zinazunguka na kufika mbele, zinajishikiza kila moja kwa mfupa wa kifua. Ya nane, ya tisa na ya kumi zinaegemea juu ya ile ya saba. Na mbili za mwisho hazifiki mbele kabisa, zinaishia njiani ndani ya nyama ya mgongo, wanaziita mbavu zinazoelea. Niliigusa ile ya kumi na moja. Niliigusa ya kumi na mbili, fupi kama kidole. Upande wa kuume, upande wa kushoto. Ishirini na ine. Hakuna pahali palipokosa.

Mzee akauliza huku akivaa shati: "Na hii mawingu ya kidogo-kidogo mu picha, hii ni nini?" Alionyesha kwa kidole vitone vyeupe vilivyotawanyika ndani ya mapafu yote mawili.

Binti akanyamaza kwanza. Halafu: "Papa, ile ni ugonjwa. Siye tunajifunza kwanza mwili muzima. Ugonjwa inakuya mu miaka yenye kufuata."

Mzee akarudisha picha ndani ya bahasha.

MGANGA WA PERGAMO

Nililala vibaya usiku ule. Asubuhi nikaomba binti aniazime silabusi yake, nikasoma, na pahali sikufahamu kijana wa uganga wa nyama alinisaidia. Nikakuta habari iliyonifurahisha na kuniaibisha pamoja.

Zamani za Warumi kulikuwa munganga mkubwa jina lake Galeno, mzaliwa wa Pergamo karibu na mwaka wa 129. Ni Pergamo ileile, wapenzi, ya Ufunuo 2:12, moja ya makanisa saba. Galeno alitibu wapiganaji wa uwanja, baadaye akawa munganga wa Kaisari Marko Aurelio. Alikuwa hodari sana. Alionyesha mbele ya watu kwamba sauti inatawaliwa na mshipa wa fahamu unaopita shingoni: nguruwe akipiga makelele, wakimkata mshipa ule, makelele yanakwisha mara moja, na nyama angali mzima. Lakini kupasua maiti ya mtu kulikuwa kumekatazwa siku zile. Basi Galeno alipasua nyani, nguruwe, mbuzi na ng'ombe, akaandika kana kwamba ameona mtu.

Maandiko yake yakakaa kama sheria, zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu. Aliandika kwamba taya ya chini ni mifupa miwili. Ni kweli kwa mbuzi: katika kartoni ile taya ilikuwa na vipande viwili vinavyokutana mbele. Kwa mtu mzima ni mfupa mmoja. Aliandika kwamba mfupa wa kifua uko na vipande saba. Kwa mtu ni vitatu. Aliandika kwamba chini ya ubongo kuna wavu wa mishipa ya damu wa ajabu, pahali roho ya uzima inasafishwa. Wavu huo upo kweli kwa kondoo, mbuzi na ng'ombe, na leo wataalamu wanasema unasaidia kupoesha damu inayokwenda kwenye ubongo. Kwa mtu haupo.

Aliyeonyesha makosa hayo ni Andreas Vesalius, mzaliwa wa Brussels mwaka wa 1514, mwalimu katika mji wa Padua kule Italia. Mwaka wa 1543, akiwa na miaka 28 tu, alitoa kitabu kikubwa chenye picha za mwili wa mtu kama alivyouona kwa macho. Na sikilizeni hili. Ni Vesalius mwenyewe anayeungama katika kitabu chake kwamba zamani, kwa sababu ya kumpenda Galeno, alipofundisha juu ya kichwa cha mtu mbele ya wanafunzi, alikuwa anaweka karibu kichwa cha mwana-kondoo ao cha ng'ombe, apate kuonyesha ndani yake ule wavu asioupata kwa mtu. Alijua haupo, na bado aliuonyesha, kwa kuwa mkubwa alisema upo.

Nilifunga silabusi. Nilifikiri ndoa zote nilizofungisha.

Katika kitabu kilekile Vesalius aliandika pia juu ya mbavu: mwanaume na mwanamke wako nazo kumi na mbili kila upande, na hadithi ya ubavu unaokosekana ni ya kuchekesha. Yaani jambo lile nililolibishia mbele ya kwaya lilikuwa limekwisha kujibiwa karibu miaka mia tano iliyopita. (Wako watu wachache wanaozaliwa na ubavu wa kuzidi, lakini wako waume na wake.)

MBUZI WA NDOA

Wamama wa kanisa wakasikia habari ya kartoni, kwa sababu kwetu habari haikai chini ya kitanda. Basi siku ya posho moja, tulipokuwa tunatayarisha ndoa, mbuzi wawili wakachinjwa nyuma ya kanisa, na wamama wakamwita yule kijana wa uganga wa nyama: "Kuya, tufundishe nasi." Kijana hakujua kama wanamcheka, lakini akaja.

Akahesabu mbavu za mbuzi mbele yetu: kumi na tatu kila upande. Ng'ombe vilevile 13, na imbwa 13. Farasi yuko nazo 18. Mama mmoja akasema: "Basi Pastere, mbuzi hakutoa ubavu kwa mutu!" Nilicheka pamoja nao. Nilistahili.

Halafu akashika mguu wa mbele. "Mama, hapa ni nini?" "Ni goti." "Hapana. Goti ya mbuzi ya mbele ni kifundo cha mukono, hapa pahali unavaa saa." Akashika mguu wa nyuma, pale unapojikunja kwenda nyuma. "Na hapa?" Wakanyamaza. "Ni kisigino. Mbuzi hatembei juu ya nyayo. Anatembea juu ya ncha ya vidole viwili, na kwato ni kucha." Farasi, akasema, anasimama juu ya kidole kimoja tu kila mguu. Na popo anaruka kwa vidole: bawa lake ni mkono, vidole vimerefuka, ngozi imetandwa katikati.

Ninyi mnaosoma Mambo ya Walawi sura ya 11 mnajua nyama mwenye ukwato uliopasuka na mwenye kucheua. Mimi nilihubiri sura ile mara nyingi bila kuona kitu. Siku ile nikaona. Tumbo la mbuzi lina vyumba vine: kimoja kikubwa sana upande wa kushoto, kimoja kidogo kama sega la nyuki, kimoja chenye kurasa kama kitabu, na cha mwisho njo tumbo lenyewe kama letu. Majani yanashuka, yanachachuka, yanapanda tena kinywani kutafunwa, yanashuka mara ya pili. Nguruwe yuko na ukwato uliopasuka, lakini tumbo lake ni chumba kimoja, linafanana na letu kupita la mbuzi.

Mama mmoja anayeuza nyama sokoni, hakusoma zaidi ya shule ya msingi, akamfundisha kijana naye. Akasema: "Mukono ya mbele ya mbuzi haina shida kukata. Unapitisha kisu, inatoka yote, hauguse mufupa hata moja. Ya nyuma, pale unatafuta kiungo." Kijana akashangaa, akaandika. Ni kweli kabisa: mbuzi hana ule mfupa wa mbele wa bega tulio nao sisi, mkono wake unashikwa na nyama tu. Profesa alikuwa amewaeleza kwa saa nzima, na mama aliijua kwa kisu.

Binti wa kwaya naye alikuwa pale, nyuma. Kijana akauliza: mifupa ya shingo ya mtu ni mingapi? Binti akajibu: saba. Ya mbuzi? Saba. Ya twiga, na ndugu yake okapi wa msitu wetu wa Ituri? Saba tu, ila ni mirefu. Ya panya? Saba. Karibu nyama wote wanaonyonyesha wana saba. Wanaokosa hesabu hiyo ni wachache sana, kama yule nyama wa maji, lamantini, anayekaa upande wa mwisho wa mto Kongo: yeye ana sita.

Jioni ile, binti alikula nyama. Mama yake alinifanyia ishara kwa macho toka mbali.

VIDOLE VYA MZEE

Siku ya Mungu iliyofuata nilisimama kabla ya mahubiri. Nikasema: "Mnakumbuka neno nililosema siku ya vijana. Halikuwa katika Biblia. Lilikuwa katika kinywa changu." Nikaomba radhi kwa binti yule kwa namna nilivyomwaibisha mbele ya wenzake. Kanisa likanyamaza. Kwetu mchungaji haombi radhi kwa mtoto.

Nikasoma Mwanzo 2 pole pole. Sura ile inasema Mungu alitwaa ubavu wa Adamu, mtu mmoja, siku moja. Haisemi kwamba wana wa Adamu watazaliwa na upungufu. Tena neno la Kiebrania lililo pale, walimu walitufundisha, ni lile linalotumiwa katika Kutoka 25:12 kwa upande wa Sanduku la agano. Linaweza kuwa ubavu, linaweza kuwa upande. Yaani mke anatoka kando ya mume. Na tangu nimeacha hesabu ile ya uongo, naona mahubiri ya ndoa yamekuwa rahisi kwangu.

Mzee mmoja wa kanisa hakukubali. Akasimama: "Pastere, ukianza kutoa hii, kesho utatoa nini? Kama ubavu ilitoka, ilitoka. Mutoto anafanana na baba yake."

Nilikuwa natafuta jibu. Nilitaka kusema juu ya Abrahamu na tohara, kwamba aliyetahiriwa hazai mtoto aliyekwisha kutahiriwa, kama sivyo kazi ile ingekwisha kwa Isaka. Lakini kabla sijafungua kinywa, mzee mwingine akainua mkono wake wa kushoto. Wote tunamfahamu. Aliacha vidole viwili ndani ya mashini, zamani, kazini. Akauinua mkono ule juu, wote wauone, akasema: "Miye nilizala batoto sita nyuma ya ile siku. Bote beko na vidole kumi."

Akaketi. Na mzee yule wa kwanza naye akaketi.

Vijana wanaosoma kitabu cha picha watakuta neno lingine la namna hii. Wafaransa wanaita kile kinachotokeza kooni mwa mwanaume tofaa la Adamu, na watu wanasema tunda lilimkwama. Mwanzo 3 haitaji tofaa popote. Na kitu chenyewe kipo kooni mwa mwanamke vilevile, ila kwa mwanaume pembe yake ni kali zaidi kwa hiyo kinaonekana. Nawaambia mapema, msije mkaniuliza siku ya maulizo.

KWA WAZAZI

Nimeona sasa jamaa tatu katika kanisa letu zenye mtoto katika masomo haya, na shida zinafanana. Mtoto anasoma usiku, na mchana anaonekana mvivu. Si uvivu. Majina ya anatomi hayaingii kichwani kwa kusoma mara moja, lazima kuyasema kwa sauti, kuchora, kusahau, kuchora tena. Ukimsikia anasema peke yake chumbani femuri, tibia, perone, usiite maombi ya kufungua. Msaidieni taa ao mshumaa, na mwenzake wa kusoma naye. Mtihani wa mifupa, mara nyingi wanaweka mfupa mezani, na mwanafunzi ana dakika kidogo ya kuutaja na kusema ni wa kuume ao wa kushoto. Asiyeshika mfupa wowote kwa mikono yake mwaka mzima ataanguka pale hata kama alikariri silabusi yote. Basi mkipika mbuzi, waachieni mifupa. Ichemsheni vizuri nyama itoke yote, muikaushe, haitanuka.

Na kama anakataa kula nyama wiki kadhaa, mpikieni maharagi.

Shemeji yule alikuja kuniona nyuma ya ibada ile. Hakusema mengi. Aliuliza tu minervali inalipwa kwa vipande vingapi, na kipande cha kwanza ni lini.

Binti alipita katika sesio ya pili. Katika ya kwanza alikosa kwa kemia, anatomi ilikwisha kwenda vizuri. Nilikwenda kuwapongeza. Mzee alikuwa inje juani, blanketi mabegani ingawa kulikuwa joto, na pumzi yake ilisikika toka mlangoni. Binti akaleta kiti, akaketi karibu naye, akaanza kumweleza mapafu: la kuume lina sehemu tatu, la kushoto mbili, kwa kuwa moyo unahitaji pahali pake. Njia ya hewa inagawanyika mara mbili, na tena mara mbili, inakuwa ndogo mpaka mwisho kuna vifuko vidogo vya hewa, mamilioni.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza: "Na mavumbi ya mawe, inaikalaka wapi?"

"Mu bile bifuko, Papa. Ile ya kidogo sana inafika mupaka pale."

"Na mwaka gani banafundisha namna ya kuitosha?"

Binti akamfunika vizuri blanketi. Akasema mwaka huu wanaanza namna mwili unavyofanya kazi, na ule wa nyuma magonjwa. Mzee akahesabu kwa vidole, akasema vizuri, atangoja.